Ujuzi Ubaki Kazini: Ushauri kwa Timu za Teknolojia za Mtwara

Kushirikishana maarifa kazini maana yake ni kwamba analolijua mtu mmoja kuhusu kazi ya wote linapatikana, linaeleweka na linatumika hata siku ambayo mwenyewe hayupo. Katika kazi za kompyuta jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya mfumo haionekani kwa macho. Nenosiri la seva, sababu ya fomu kupangwa hivi na si vile, hitilafu iliyozibwa kwa njia ya mkato mwaka juzi: yote hayo hukaa kichwani mwa fundi. Fundi akihama, mashine zinabaki mezani na ujuzi wa kuzitunza umekwenda naye.

Katika mikoa iliyo mbali na Dar es Salaam hasara hiyo huwa nzito zaidi. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 550 kwa barabara, na huko ndiko ziliko kampuni nyingi za programu, wakufunzi na mafundi wa kukodi. Ofisa TEHAMA wa halmashauri hupata uhamisho, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hurudi chuoni, mradi huishiwa fedha, kijana hodari hupata kazi penye mshahara mnono. Timu ya watu watatu ikimpoteza mmoja imepoteza theluthi ya wafanyakazi wake, na pengine karibu ujuzi wake wote.

Desturi ya programu huria

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuutumia, kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991, hutengenezwa na maelfu ya watu, wengi wao hawajawahi kuonana. Watu wa namna hiyo hawawezi kuelekezana kwa kuinuka kitini na kumgusa mwenzao bega. Kwa hiyo walilazimika kujenga desturi: kila badiliko huandikwa sababu yake, kila hitilafu huwa na maelezo yake, kila kazi mpya hukaguliwa na mwingine kabla ya kupokelewa. Desturi hizo ndizo zinazoifaa timu ndogo iliyo mbali na miji mikubwa, hata kama timu yenyewe haiandiki programu bali inaendesha tu mifumo iliyotengenezwa na wengine.

Mifumo huria imekwishaingia katika huduma za kila siku za pwani ya kusini. Takwimu za afya za Tanzania Bara hupita katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei kwa kushirikiana na vyuo vingine, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kufikia mwisho wa mwaka 2013 mfumo huo ulikuwa umesambazwa nchi nzima. Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, hujazwa na watu wa kujitolea na hutumiwa bure na mashirika ya misaada, madereva na watafiti.

Kimbunga kilichopiga jirani kilionyesha faida ya ramani hiyo. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuwatahadharisha wakazi wa Mtwara na Lindi. Watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali walichora nyumba na barabara za maeneo yaliyoathirika Msumbiji kwa kutazama picha za satelaiti. Picha hizo huonyesha paa na njia. Jina la kitongoji, kisima chenye maji baridi na njia isiyopitika masika huvijua mkazi. Ramani kamili ya vijiji vya Msimbati, Madimba au Kilambo haiwezi kupatikana bila wenyeji kuingizwa katika kazi yenyewe, wakiwa wachoraji na wakaguzi, si watoa habari pekee.

Utafiti unasema nini

Watafiti wa Brazil waliochunguza miradi 133 mashuhuri ya programu huria mwaka 2016 walikadiria ni watu wangapi wakiondoka mradi utakwama. Katika asilimia 65 ya miradi hiyo, idadi ilikuwa mtu mmoja au wawili. Kama miradi inayotumiwa na dunia nzima imesimama juu ya mabega ya watu wawili, ofisi ya watu watatu haina budi kujiuliza swali hilohilo mapema.

Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza timu 51 katika kampuni moja ya viwanda na kuchapisha matokeo yake mwaka 1999. Aligundua kwamba timu hujifunza pale watu wake wanapoamini kuwa kuuliza, kukiri kosa au kupinga wazo hakutawaletea fedheha. Penye hofu kosa hufichwa, na kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Zanzibar. Kuanzia mwaka 2005 timu za afya za wilaya zilikutanishwa kila robo mwaka katika warsha za kutumia takwimu. Kila wilaya ilisimama na kuwasilisha takwimu zake yenyewe mbele ya wilaya nyingine, na wenzao wakazihoji. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilionyesha kwamba ubora wa takwimu na matumizi yake viliimarika, na kwamba mfumo wenyewe ulirekebishwa kutokana na hoja za watumiaji. Kilicholeta mabadiliko hakikuwa mashine mpya. Watu wenye kazi moja walikaa pamoja, wakaonyeshana kazi na kukosoana.

Umuhimu wa mikutano ya namna hiyo unaonekana vizuri katika zahanati ya kijiji. Mhudumu hufungua kitabu cha wagonjwa wa nje cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, huhesabu mahudhurio ya mwezi na kujaza ripoti inayoingizwa baadaye katika DHIS2. Ripoti hutenganisha waliohudhuria kwa mara ya kwanza mwaka huo na mahudhurio ya marudio. Mhudumu mgeni asipoelekezwa, anaweza kumhesabu mgonjwa aliyekuja Januari kwa malaria na Machi kwa kuhara kuwa wa kwanza mara mbili. Kompyuta itaipokea tarakimu hiyo bila kinyongo, na kosa litasafiri hadi wizarani. Maelekezo ya sentensi mbili yaliyobandikwa ndani ya jalada la kitabu yangelizuia.

Kupima hatari na kuandika

Hatua ya kwanza ni kujua ujuzi uko kwa nani. Timu iorodheshe kazi zake zote katika karatasi moja: kuhifadhi nakala za data, kufungua akaunti mpya, kurekebisha fomu, kuzungumza na kampuni ya intaneti, kuwafundisha watumiaji. Mbele ya kila kazi yaandikwe majina ya wanaoweza kuifanya bila msaada. Penye jina moja pana hatari, na mtu wa pili achaguliwe hapohapo ili aifanye kazi hiyo kwa mkono wake mwenyewe huku mjuzi akimwangalia. Kumtazama mjuzi akifanya hakutoshi, maana mjuzi huruka hatua ambazo kwake zimekuwa mazoea.

Hatua ya pili ni kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi ni mali. Katika uchunguzi uliofanywa mwaka 2017 na GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo, kwa washiriki wa programu huria, asilimia 93 walisema wamekumbana na tatizo la maelezo pungufu. Timu ndogo haihitaji kitabu kikubwa. Kurasa nne zinatosha kuanzia. Ya kwanza ielekeze namna ya kuanza kazi, kuanzia kompyuta tupu hadi mfumo kufunguka. Ya pili iweke maamuzi pamoja na tarehe na sababu zake. Ya tatu iwe ya hitilafu na tiba zake. Ya nne iwe ya makabidhiano: nani anamiliki akaunti ipi, malipo gani yanaisha lini, nani wa kupigiwa simu.

Maelezo ya hitilafu yanastahili uangalifu zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayookoa muda mwingi. Ujumbe wa «mfumo haufanyi kazi» unaotumwa katika kundi la WhatsApp haumsaidii yeyote. Maelezo yanayofaa husema mtumiaji alikuwa akifanya nini, alitarajia nini, kilitokea nini, na kwa kifaa gani. Kwa mfano: «Nilijaza fomu ya samaki waliopimwa dikoni kwa simu ya Android. Nilipobonyeza kuhifadhi, uzito wa kilo 12.5 ulikataliwa. Nilipoandika 12 ulikubaliwa. Simu mbili nyingine zimefanya vivyo hivyo.» Atakayesoma maneno hayo anajua mara moja kwamba fomu imewekwa kupokea namba kamili tu, na atairekebisha bila kusafiri hadi kijijini. Kundi la WhatsApp litumike kwa kuarifiana. Jibu likishapatikana lihamishiwe katika daftari la timu siku hiyohiyo, kwa sababu ujumbe wa kundi huzama chini ya mamia ya mengine.

Kukaguana kwa heshima

Hatua ya tatu ni kukagua kazi kabla haijatumika. Katika programu huria hakuna badiliko linaloingia kwa sababu tu aliyelileta ni mkubwa. Desturi hii inahitaji kupandwa kwa busara katika ofisi ambayo kijana humwamkia mwenzake shikamoo asubuhi, kisha anatakiwa kumwambia mchana kwamba kazi yake ina kosa. Njia nzuri ni kuifanya iwe kanuni inayomhusu kila mtu, na mkuu wa timu awe wa kwanza kupeleka kazi yake ikaguliwe, tena na mdogo kabisa. Kijana akiona kwamba kumkosoa mkubwa ni sehemu ya kazi aliyopewa, hataona kwamba anamvunjia heshima.

Maneno ya ukaguzi yaielekee kazi, yasimwelekee mtu. «Hapa data itapotea umeme ukikatika kabla ya kuhifadhi» ni ukaguzi. «Wewe huwa hufikirii» ni tusi, na mtu aliyetukanwa mara moja hatauliza tena swali. Mkaguzi aeleze kasoro, aseme kwa nini ni kasoro, na apendekeze njia. Mwenye kazi naye ana haki ya kujibu kwa hoja. Kosa kubwa linapotokea, kama kufutwa kwa data, kikao kitafute lilivyotokea na kizuizi gani kiwekwe, bila kumtafuta wa kubebeshwa lawama.

Kumpokea mgeni

Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hii inaieleza vizuri faida ya mtu mpya katika timu. Mgeni huona kasoro ambazo wenyeji wamezizoea. Kwa hiyo ukurasa wa namna ya kuanza kazi ukabidhiwe kwake siku ya kwanza, aufuate neno kwa neno, na kila anapokwama arekebishe maelezo mwenyewe. Siku hiyohiyo amekwisha kuchangia.

Watafiti Jean Lave na Etienne Wenger, katika kazi yao ya mwaka 1991 iliyotumia mifano ya mafundi cherehani wa Liberia na wakunga wa Yucatan nchini Mexico, walieleza kwamba mtu hujifunza ufundi kwa kushiriki kazi halisi kuanzia pembezoni, kisha akisogea taratibu hadi kiini chake. Fundi cherehani mwanafunzi huanza na vifungo na pindo. Miradi mingi ya programu huria hufuata njia hiyohiyo kwa kutenga kazi ndogo zilizowekewa alama ya wageni: kusahihisha tafsiri, kuongeza maelezo, kurekebisha rangi ya kitufe. Mwanafunzi anayekuja kwa mafunzo ya vitendo kutoka VETA Mtwara au Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris apewe kazi ya namna hiyo yenye mwisho unaoonekana. Kumtuma chai na kumtwika kazi ya kutoa nakala za karatasi kwa miezi miwili ni kupoteza fundi wa kesho.

Kufungua mlango kwa wote

Maarifa hayashirikishwi kikamilifu penye watu waliofungiwa nje. Katika uchunguzi wa GitHub uliotajwa, wanawake walikuwa asilimia 3 tu ya waliojibu. Sababu si uwezo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia mabadiliko yaliyopelekwa katika miradi ya GitHub na kukuta kwamba karibu asilimia 79 ya kazi za wanawake zilikubaliwa, dhidi ya karibu asilimia 75 ya kazi za wanaume. Lakini kwa wageni wa mradi ambao jinsia yao ilitambulika, wanaume ndio waliokubaliwa zaidi. Kazi ilikuwa nzuri. Jina ndilo lililowaponza.

Tiba yake ni ya vitendo. Kazi ikaguliwe kwa vigezo vilivyoandikwa, vilevile kwa kila mtu. Kuandika mihtasari na kuandaa chakula cha kikao kuzunguke kwa zamu, kusiwe kazi ya mwanamke aliyepo. Mafunzo yasipangwe jioni, wakati ambao wengi wenye watoto hawawezi kuja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na muda wa hadi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha, na timu iliyoandika mambo yake vizuri haiyumbi mtu akiwa likizo. Vilevile humrudisha kwa urahisi, kwa kuwa yaliyoamuliwa nyuma yake yamo kwenye daftari.

Watu wenye ulemavu nao wana nafasi yao. NVDA, programu huria inayosoma kwa sauti maandishi ya kioo cha kompyuta, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona, akaungana naye James Teh, naye pia haoni. Hutolewa bure, na sauti inayokuja nayo inasoma Kiswahili. Asiyeona anaweza kuandika msimbo na kukagua data, mradi hati zisiwe picha za karatasi zilizopigwa kwa simu na michoro iwe na maelezo ya maneno.

Lugha ni mlango mwingine. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kuthibitisha kwamba lugha hii inabeba kazi za kompyuta bila shida. Hata hivyo maelekezo mengi ya ndani ya ofisi bado huandikwa kwa Kiingereza ambacho mkusanya takwimu wa dikoni hakisomi kwa wepesi. Maelekezo ya watumiaji yaandikwe kwa Kiswahili kwanza. Yanayokwenda kwa watengenezaji wa nje yatafsiriwe baadaye na anayeweza.

Mtandao, umeme na mipaka ya uwazi

Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Timu iliyoweka maelekezo yake yote mtandaoni peke yake ilibaki bila mwongozo. Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo kilichoanzishwa mwaka 2005, huweka nakala kamili ya kazi na historia yake katika kila kompyuta, hivyo watu wanaweza kuendelea bila mtandao na kuunganisha kazi baadaye. ODK, programu huria ya kukusanya data kwa simu, huhifadhi fomu simuni na kuzituma pale mtandao unapopatikana. Kurasa nne za msingi zichapwe pia kwenye karatasi na kutunzwa ofisini.

Uwazi wa mbinu haumaanishi uwazi wa kila taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa za mgonjwa, mvuvi na mwanafunzi. Msimbo na maelekezo yanaweza kuwa wazi huku data za watu zikifungwa. Nenosiri lisiandikwe kwenye msimbo wala kwenye kundi la WhatsApp. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, mahali kasa wanapotagia hapapaswi kuwekwa kwenye ramani ya umma, maana majangili nao husoma ramani. Maeneo ya uvuvi yaliyorithiwa ndani ya familia yasichapishwe bila ridhaa ya wenyewe, na makazi ya waliokimbia mapigano ya Cabo Delgado yasionyeshwe kabisa.

Anayechangia atajwe. Jina la mzee aliyeeleza majina ya vitongoji, la mhudumu aliyegundua kosa la fomu na la mwanafunzi aliyetafsiri maelekezo yaingie katika kumbukumbu za kazi, kama wenyewe wameridhia. Mtu ambaye maarifa yake yamechukuliwa bila shukrani hatatoa mengine.

Kupima mafanikio

Baada ya miezi mitatu timu ijipime kwa maswali manne. Kazi ngapi bado zina jina moja mbele yake? Mtu mpya alichukua siku ngapi kukamilisha kazi yake ya kwanza? Katika mwezi uliopita, nani hakusema neno kikaoni, na kwa nini? Mjuzi mkuu akienda likizo ya wiki mbili na simu yake ikazimwa, kitakwama nini? Swali la mwisho lijibiwe kwa kujaribu, si kwa kukisia.

Wakurugenzi wa halmashauri, wakuu wa vyuo na viongozi wa miradi wana wajibu wa kutenga muda kwa ajili ya kazi hii, kwa sababu kuandika na kufundishana hakufanyiki kwa saa za ziada zisizolipwa. Saa mbili za kila Ijumaa zinatosha kuanzia. Makabidhiano ya maandishi yawekwe kuwa sharti katika kila mkataba wa fundi na kila uhamisho wa mtumishi, na yakaguliwe na atakayebaki, kabla mwenye kuondoka hajafunga mizigo.